Msomaji wa Mama

Kila alasiri, akishavua sare na kuosha vyombo, Redio aliketi kando ya kitanda cha mama yake na kufungua kitabu. Wenzake darasani walimpachika jina hilo kwa sababu akianza kusoma hakuna wa kumzima. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, na bado alikuwa amefungwa bendeji. Riwaya aliyokuwa akiisoma ilikuwa imekatikia katikati, na hamu ya kujua mwisho ilimkosesha raha.

Siku hiyo Redio alisoma kurasa kadhaa bila hata kumeza mate.

"Ngoja kwanza, mwanangu," mama alisema. "Huyu mwanamke ameondoka nyumbani kwa nini?"

Maneno yote Redio aliyatamka sawasawa, lakini kichwani mwake hamkuwa na mwanamke wala nyumba.

"Sijui, mama. Nilikuwa nasoma tu."

Mama alishusha pumzi. "Basi kesho nitamwomba jirani yetu mshonaji anisomee. Wewe nenda ukacheze."

Maneno hayo yalimchoma Redio. Yeye, aliyezoea kupigiwa makofi na darasa zima! Machozi yakamlengalenga.

"Mama, tafadhali, nirudie."

"Haya. Lakini usinikimbize. Ukimaliza sentensi, itazame kwanza."

Redio akaanza upya. Mwanamke alifungua mlango alfajiri. Redio akangoja, mpaka akauona mlango wenyewe na ukungu nje. Mwanamke alibeba viatu vya mumewe. Vya mumewe? Akarudi ukurasa wa nyuma, pale mume huyo mzee alipoanza kusahau majina ya watoto wake. Chumba kilikuwa kimya, jua likisogea ukutani polepole, na Redio akajihisi yuko kwenye njia ile yenye umande, akimfuata mwanamke yule hatua kwa hatua.

"Mama," alinong'ona, "hajamkimbia mumewe. Anamtafuta. Mzee ametoka pekupeku, hajui njia ya kurudi."

Midomo ya mama ikatetemeka.

"Mama, usilie! Daktari amekataza!"

"Silii. Nawaona tu, wote wawili." Akapapasa hadi akaushika mkono wa binti yake. "Kutamka umejua siku nyingi. Leo ndiyo umesoma. Msomaji hodari hujiuliza, hurudi nyuma, na hukiona anachokisoma."

Kesho yake mshonaji alibisha hodi, miwani tayari puani.

"Jana nilikusikia dirishani ukitaka mtu wa kukusomea, dada."

"Karibu, kaa usikilize," mama alisema. "Msomaji ninaye."