Meza ya Saba Inasema Bado

Kabla ya sauti, kulikuwa na harufu.

Asubuhi moja ya Novemba Marlys Veldkamp alifungua kiwanja cha shabaha kama kawaida, akawasha jiko la kuni, akabandika kahawa. Alipotoka kufuta umande kwenye meza za kulengea, akakuta meza ya saba inanuka dawa ya kuchua, ile wanayojipaka wazee wenye magoti mabovu. Ilinuka kana kwamba mtu ameinuka pale sasa hivi. Akaifuta kwa sabuni, akairudia tena kwa maji ya moto. Harufu haikutoka.

Hakumwambia mumewe. Royce hakuwa mtu wa kuambiwa kitu. Katika wilaya ile ya magharibi ya Michigan alijulikana kwa mambo mawili: jicho lake halikosi shabaha, na mdomo wake haukosi mtu. Mwanamke akija peke yake, atamuuliza amemwacha wapi mumewe. Kijana akishika bunduki vibaya, atatangazwa kwenye spika mpaka walioko maegeshoni wasikie. Wenye maduka husema mteja ni mfalme. Kwa Royce mteja alikuwa mshtakiwa. Ukimlaumu, alikuwa na jibu lake moja tu, kwamba adabu haizuii risasi, na kwamba tangu enzi za baba yake hakuna aliyewahi kuumia pale. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia kiburi.

Wiki za mwisho kabla ya msimu wa kulungu, kila mwenye bunduki huja kurekebisha darubini yake ya kulengea, na foleni hufika barabarani. Ni katika msongamano huo, siku chache kabla ya harufu ile, ndipo alipokuja Orrin Tanis, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya na bunduki aliyorithi kwa babake. Alipewa meza ya saba. Akaomba kitu kimoja tu: amsaidie mtu kupeleka karatasi yake ya shabaha kule mbele kwenye tuta la udongo, maana miguu yake isingemfikisha na kumrudisha kwa wakati. Kwa desturi ya pale kila mtu hupeleka karatasi yake mwenyewe. Royce alikuwa ameshika kipaza sauti, na hakukiweka chini.

"Mzee, hapa si hotelini. Kama huwezi kufika kwenye tuta, huyo kulungu utamfuataje? Utampigia simu aje?"

Watu wakacheka. Marlys naye alicheka, kidogo, huku akimimina kahawa.

"Haya," alisema mzee kwa upole. "Mimi nitasubiri."

Akasubiri kweli. Alikaa pale na karatasi yake magotini mchana kutwa, watu wakija na kwenda, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wakati wa kufunga Royce alimfokea kwamba kiwanja si nyumba ya wazee, kisha akamtikisa bega, na bega lilikuwa limeshakakamaa. Waliosema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi hawakumfahamu Royce Veldkamp, lakini walimsema yeye.

Sasa, pale kiwanjani kuna sheria moja inayopita zote. Watu wakishabandika karatasi zao na kurudi mezani, msimamizi huita kwenye spika: "Tayari kulia? Tayari kushoto?" Yeyote ambaye hayuko tayari husema "Bado," na akishasema, hakuna mkono unaogusa bunduki mpaka amalize shughuli yake. Awe mtoto, awe mgeni, bado ni bado. Wote wakiwa tayari, msimamizi huminya kitufe, taa huwa nyekundu na bunduki hupigwa; ikiwa kijani ndipo watu huvuka mstari wa meza kwenda mbele. Royce, pamoja na jeuri yake yote, hakuwa amewahi kuivunja sheria hiyo.

Baada ya mazishi, asubuhi ileile ya harufu, Royce aliita. Upande wa kulia kimya, tayari. Upande wa kushoto sauti ikasema, "Bado."

Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka. Ilitoka meza ya saba, na meza ya saba haikuwa na mtu. Royce akangoja, akaita tena, ikajibu vilevile. Wawindaji wakaanza kutazamana, mmoja akafungasha bunduki yake. Royce alidhani ni mzaha wa mtu na akaapa kumtia adabu. Lakini siku nzima ilipita hivyo, na iliyofuata pia, wateja wamekaa kwenye baridi na bunduki zao hazijalia hata mara moja.

Ndipo uvumilivu ukamwishia. Ikasema bado, naye akaminya kitufe, taa ikawa nyekundu, akaamuru wapige. Bunduki zikalia, na katikati ya mlio ule, chini ya vifunika masikio walivyovaa, kila mtu akasikia hatua za mtu anayetembea kwenye theluji kule mbele, mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburuzwa, zikienda polepole kuelekea kwenye tuta, na taa ilipokuwa kijani na watu wakaenda kutazama, wakakuta hakuna karatasi hata moja iliyotoboka, na kwenye theluji kulikuwa na alama za mguu na mburuzo, za kwenda tu, za kurudi hakuna.

Kesho yake maegesho yalikuwa matupu.

Lakini maegesho hayakumuumiza Marlys. Kilichomuumiza kilikuwa ndani ya nyumba. Mguu wa kushoto wa Royce ulianza kufa ganzi, kisha akawa anauburuza. Shati lake likaanza kunuka dawa ya kuchua, na hakuwa na dawa hiyo. Akikaa mezani alikuwa akitandaza gazeti magotini na kulishika kwa mikono miwili, akiangalia mbele, na Marlys akimwita ilikuwa lazima amwite tena ndipo ageuke. Daktari hakuona ugonjwa. Mchungaji alikuja, akaomba, akaacha kahawa yake nusu na kuondoka. Royce alikonda mpaka pete ikamvuka kidoleni. Hata matusi yalimpungua, na hilo ndilo lililomtisha Marlys kuliko yote.

Alimpenda, niseme wazi, maana wako wengi waliojiuliza alimpendea nini. Kila asubuhi ya majira ya baridi, kwa miaka yote ya ndoa yao, Royce alitoka kabla yake, akakwangua barafu kwenye gari lake na kuliwasha lipate moto, na hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa mdomo. Huyo ndiye mume aliyekuwa akimponyoka.

Mwishowe alikwenda kwa mjane wa yule mzee. Geneva Tanis aliishi peke yake nje ya mji, na watu wa kule walijua, ingawa hawakulisema kanisani, kwamba aliweza kuzuia damu ya jeraha kwa maneno aliyoachiwa na nyanya yake. Mpasua mbao akijikata, aliitwa yeye kwanza, gari la wagonjwa baadaye. Marlys alisimama jikoni kwake akijaribu kuomba radhi kwa utaratibu. Kabla hajamaliza, akapiga magoti sakafuni na kulia.

"Mama, chukua chochote, lakini nirudishie mume wangu."

Geneva hakumwinua. Aliendelea kumenya tufaha.

"Mume wangu hakuwa mtu wa kuomba," alisema. "Kwenu aliomba kitu kimoja. Aliyemkatalia ndiye apeleke ile karatasi. Bunduki ya Orrin iwekwe mezani kwake. Karatasi ikishakaa, uite wewe, kama mnavyoita siku zote, na atakayekuwa ameketi pale apige risasi moja. Yatakuwa yamekwisha."

"Na ikisema bado?"

Mjane aliweka kisu chini, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Itasema. Usiisikilize."

Marlys na Royce wakaenda kiwanjani jioni ya siku hiyohiyo, theluji ikianza kudondoka. Royce hakubisha, na Marlys alitamani abishe. Aliichukua karatasi ya mzee, ambayo hakuna aliyethubutu kuitupa, akaegemea meza ya saba kupata pumzi. Bunduki ya Orrin, aliyokabidhiwa Marlys na mjane, ilikuwa imelala pale, imejazwa risasi moja kama mjane alivyoagiza. Kwa kitambo kidogo macho ya Royce yakawa yake tena.

"Sikiliza wewe mwanamke," alisema. "Usiguse hiyo taa mpaka uone uso wangu hapa, nyuma ya mstari. Uso, si koti. Umenielewa au nikuchoree?"

Marlys alicheka huku machozi yakimtoka. Akamwambia ameelewa.

Royce akaenda, akiburuza mguu, theluji ikimfunika mabega. Marlys alimwona akifika kwenye tuta na kuinua mikono kubandika karatasi, kisha upepo ukaleta pazia la theluji na hakumwona tena, akabaki ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, akisoma kila dua aliyofundishwa utotoni, mpaka ndani ya ule weupe akatokea mtu mwenye koti la Royce na kofia ya Royce, ameinamisha kichwa kuukwepa upepo, na mtu huyo alikuwa anatembea, alikuwa anatembea sawasawa, miguu yote miwili ikikanyaga theluji kama ya kijana, na Marlys alipouona ule mguu umepona, furaha ilimjaa kifuani, akasema asante Mungu, asante Mungu. Aliutazama mguu, akausahau uso.

Yule mtu akavuka mstari, akapita nyuma yake, akaketi meza ya saba.

"Tayari, Bi Marlys," alisema taratibu.

Marlys akaita kwenye spika. "Tayari kulia?" Kimya. "Tayari kushoto?"

"Bado," ikajibu sauti kutoka kule mbele, kwenye tuta.

Marlys alikuwa ameonywa. Ile sauti ilikuwa imemnyima usingizi, imemkausha mumewe, imewafukuza watu wote, na sasa ilikuwa inang'ang'ania mara ya mwisho, basi na ing'ang'anie, yeye hasikii. Ikasema tena bado, kwa nguvu zaidi, naye akafumba macho, akaweka kidole kwenye kitufe, akaminya, na taa ilipokuwa nyekundu, ile sauti ikapaza kutoka ndani ya theluji kwa hasira ambayo Marlys aliijua kuliko mtu yeyote duniani:

"Nimesema bado, Marlys! Masikio umeyaacha nyumbani?"

Bunduki ikalia.

Marlys akafumbua macho. Alikimbia hadi kwenye tuta bila kujali taa, akachimba theluji kwa mikono akiita jina la mumewe. Hakukuwa na mwili wala damu. Kulikuwa na karatasi tu, imetoboka katikati kabisa. Aliporudi, yule mtu alikuwa amesimama, amevua kofia kwa heshima. Uso ulikuwa wa Royce, kila kunyanzi mahali pake. Lakini Royce hakuwahi katika maisha yake kumtazama mtu kwa upole ule.

"Asante kwa kunihudumia," alisema.

Msimu ulipofunguliwa, wateja walirudi, na tangu hapo hawajapungua. Watu wanakisifu kiwanja kile mpaka wilaya za jirani. Wanasema Veldkamp amebadilika, siku hizi anakupokea mlangoni, anakuuliza hali ya watoto, hakucheki ukikosea. Wazee wanapelekewa karatasi zao mpaka kwenye tuta. Wanawake humwambia Marlys ana bahati, na mchungaji amelitolea jambo hilo mahubiri. Marlys alijaribu kumweleza dada yake. Dada akamshika mkono, akamuuliza kama analala vizuri.

Jumamosi Geneva Tanis huja, huketi karibu na jiko. Yule mtu humpelekea kahawa kabla ya wateja wote, na hamuulizi sukari kiasi gani.

Nyumbani hamtukani Marlys wala hapandishi sauti. Humwita Bi Marlys, humvutia kiti, humshukuru kwa chakula. Asubuhi barafu hulala kwenye kioo cha gari mpaka Marlys aikwangue mwenyewe, vidole vikimfa ganzi, halafu hukaa ndani ya lile gari la baridi na kulia kabla ya kwenda kazini.

Na kiwanjani, kila watu wakishabandika karatasi zao na kurudi mezani, yule mtu huchukua kipaza sauti na kuuliza kwa adabu zote kama wako tayari. Wote wamevaa vifunika masikio. Marlys aliacha kuvaa vyake, na sikio la kulia limeshaanza kumwuma kwa milio. Hataki kukosa hata neno.

"Bado," inasema sauti kutoka kwenye tuta, imechoka, ina hasira. "Bado, wajinga nyie. Marlys, waambie bado."

Na Marlys huwaambia. Kila siku hupaza sauti, bado, kuna mtu mbele, na kila siku wateja hugeuka kumtazama kwa huruma. Yule mtu huweka mkono begani mwake, mwepesi, unaonuka dawa ya kuchua, humwomba radhi kila mmoja kwa usumbufu, kisha huminya kitufe.