Mtoto wa Mia Tatu

"Baba yake mtoto mnalala naye nyumba moja?"

"Si siku zote, daktari. Ni mpima ardhi, muda mwingi yuko safarini. Ila wikiendi zote ni zetu."

Nikaandika. Dada wa watu alikuwa amekonda, barakoa imemmeza uso, na binti yake wa miaka miwili alikuwa sakafuni akivuta kamba za viatu vyangu. Majibu ya makohozi ya mama yalikuwa yametoka: kifua kikuu. Mtoto alikuwa bado hajaugua. Kwa miaka sita mimi nilikuwa nafanya utafiti wa dawa ya kuwakinga watoto kama yeye. Tulihitaji watoto mia tatu, na huyu alikuwa wa mia tatu. Muuguzi wangu alishamtuma mtu akachukue keki.

"Nipe namba ya baba mtu. Kila aliyekaa karibu nawe lazima apimwe."

Akaanza kuitaja. Alipofika tarakimu ya sita, mkono wangu ulikuwa umeshamaliza kuandika zote kumi.

"Na jina lake?"

Akalitaja, majina matatu kamili. Ya mume wangu.

Sikulia. Kwangu mimi wikiendi ndizo zilikuwa siku zake za safari za kikazi. Nikampa mtoto dozi ya kwanza kwa mkono wangu, akameza, akanirudishia kijiko. Ana kidevu chenye kishimo, cha baba yake. Kidevu hicho nimekiomba kwa Mungu tangu nilipoolewa!

Maana mume wangu ndiye aliyesema, "Mama watoto, maliza kwanza utafiti. Wakitimia hao mia tatu, wa mia tatu na moja tunamleta sisi." Alikuwa akinitania kwamba bakteria wangu ni waume wenzake, kwa vile nawatazama zaidi kuliko ninavyomtazama yeye. Nami nacheka, naongeza bidii. Kumbe mwenzangu alishaanza bila mimi.

Kazini kwetu anayetajwa haambiwi kamwe nani kamtaja. Simu ya kumwita nilipaswa kumwachia muuguzi. Nikapiga mwenyewe, kwa simu ya mezani, kwa maneno yale yale ninayomwambia kila mtu.

"Habari za mchana. Napiga kutoka kliniki ya kifua. Umetajwa kuwa umekaa karibu na mtu mwenye kifua kikuu. Unaombwa uje upimwe."

Akacheka. "Mke wangu, leo waume wenza wamenifikia mpaka mimi?"

"Si utani. Umetajwa."

Kicheko kikakatika.

"Nani kanitaja?"

"Siruhusiwi kusema."

"Mimi ni mumeo!"

"Ndiyo. Na bado siruhusiwi."

Saa moja baadaye akaingia, shati limeloa jasho. Nikafungua fomu.

"Unakohoa?"

"Wiki ya tatu sasa. Ungekuwa unakaa nyumbani ungenisikia."

Lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Daktari mzima wa kifua, na kikohozi cha mume wangu sikukisikia.

"Watu unaolala nao nyumba moja?"

"Mke wangu."

Nikajiandika. "Mwingine?"

"Hakuna."

"Mwingine?"

"Kwa nini unaniuliza hivi?"

"Kila mtu namuuliza hivi. Kama yupo mtoto mdogo, ugonjwa huu unaweza kumuua upesi. Mwingine?"

Akainamisha kichwa. Chozi likadondokea meza.

"Yupo mtoto," akasema. "Wa kike. Ana miaka miwili. Muokoe, nakuomba, mimi nifanye utakavyo."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nilitamani akatae mpaka mwisho, ili nimchukie vizuri.

"Mtoto hatakosa dawa," nikamwambia.

"Na sisi?"

"Wewe kesho asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, kohoa kwenye kikopo hiki. Utampelekea daktari mwingine."

"Nakuuliza sisi, mama watoto."

"Usiniite hivyo tena. Funguo za nyumba muachie muuguzi."

Akaziweka mezani mwenyewe. Hakuomba mara ya pili, na sijui kama angeomba ningefanya nini.

Alipotoka, nikamkabidhi muuguzi faili lake. Akalisoma, akaona jina langu kwenye orodha ya watu wa nyumba moja, akavuta fomu mpya bila kuniuliza lolote. Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Chumba cha pili wenzetu walikuwa wameifungua keki, wakipiga makofi: "Mia tatu! Mia tatu!"

"Umri?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Thelathini na tisa."

"Una watoto, daktari?"

"Sina," nikasema. "Nilikuwa nasubiri hao watimie."