Vitundu Sita

Haya alinisimulia rafiki yangu Eréndira wa mji wa Hermosillo, nami nilimwomba arudie mara tatu nihakikishe hajasahau kitu. Dada yake Yadira alikuwa ametoweka miezi minane. Walimtafuta hospitali, mochari, hadi jangwani. Alikuwa ameacha mbegu sita za mnanaha, mmea wa maua meupe yanayochanua usiku, na mama yao aliziloweka akisema lazima ziote, hata moja.

Jioni hiyo Eréndira alijaza udongo vyungu sita uani, chini ya wavu wa kivuli, akausawazisha, akaingia jikoni kuchukua mbegu. Nje gizani akasikia udongo ukibonyezwa polepole, mara sita.

“We binti, umeanza bila mimi?” mama aliuliza kutoka sebuleni. “Haraka ya nini, zinakimbia?”

“Mbegu ninazo mkononi, mama.”

“Basi nani yuko nje?”

Walitoka na tochi. Lango lilikuwa bado limefungwa. Katikati ya kila chungu palikuwa na kitundu, kina chake urefu wa ukucha, kama Yadira alivyokuwa akibonyeza kwa dole gumba kila alipopanda. Mama alipiga magoti, akamulika kimoja kimoja. Ndani ya kila kitundu ulikuwepo mstari uliopinda, alama ya kovu lililobaki kwenye dole gumba la Yadira alipojikata na kisu, akiwa na miaka tisa.