Silinda Kumi na Mbili za Malvezzi

Oreste alichovya kidole kwenye divai, akauchora ukumbi wa maonyesho wa kiwanda cha magari cha Malvezzi juu ya meza. Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha baa moja ya Modena, mji wa magari ya mbio: yeye aliyekuwa bosi, Nives aliyekuwa dereva, na Ermes, fundi wa miaka sitini na nane.

"Jumapili walinzi wanakula. Saa sita na nusu mpaka saba na robo. Lori halipiti getini, kwa hiyo lile gari la mbio litoke lenyewe. Mita mia mbili hadi kwenye lori. Tunalipakia, tunapotea."

"Halijawashwa miaka kumi na tisa," Ermes akasema.

"Ndiyo maana upo, mzee. Si kwa uzuri wako."

Nives akacheka kwa pua. Aliwahi kuomba kazi ya kujaribu magari ya Malvezzi, wakamwambia akapike. Ermes naye aliiunda injini ya gari lile kwa mikono yake. Ikashinda mbio sita. Kibao cha shaba kikaandikwa jina la mhandisi, si lake.

Saa 6:34 mchana. Mlango wa ukumbi ukafunguka bila kelele. Gari jekundu lilikuwa nyuma ya kamba, refu, jembamba. Ermes akamimina oili aliyoipasha moto, kisha petroli.

Saa 6:47. Nives akabonyeza kitufe. Injini ikakohoa. Ikanyamaza.

"Tena," Oreste akasema.

Ikakohoa. Ikanyamaza.

"Unalala, fundi?"

"Nyamaza nisikilize."

Saa 6:55. Ermes alikuwa ameinama chini ya boneti, jasho likimtiririka machoni. Akatukana taratibu, kwa lahaja ya kwao.

"Wamefunga nyaya za plagi ovyo. Wamezipanga zipendeze macho, si kwa mpangilio wa silinda. Kumi na mbili zote."

"Dakika ngapi?"

"Kumi."

Oreste akapiga teke tairi. "Kumi, kumi. Kwa chuma ambacho hakitakiwi hata kidogo! Mnunuzi anataka bodi tu. Injini tunaikata, inakuwa mguu wa meza ya kioo."

Mikono ya Ermes ikasimama. Nives akamtazama. Kisha mikono ikarudi kazini, waya mmoja baada ya mwingine.

Saa 7:06. "Washa," Ermes akasema, akaketi kiti cha pembeni.

"We unakwenda wapi?" Oreste akauliza.

Injini ikaitika. Vioo vya ukumbi vikatetemeka. Kwingineko watu wangedhani ni ndege. Modena walijua. Mtaani madirisha yakafunguka, watu wakatokeza na leso zao za mezani shingoni.

Oreste alitangulia mbio hadi kwenye lori nje ya geti, akashusha ubao wa kupandishia gari. Ermes akamsogelea Nives sikioni.

"Usipande."

"Atatuua."

"Najua."

Nives akakanyaga. Gari likapita ubavuni mwa lori. Oreste akafyatua bastola mara mbili. Risasi moja ikatoboa bega la Ermes. Ya pili ilimkosa kila mtu, ila ilimleta mlinzi mbio, kinywa kimejaa.

Saa 7:09. Barabara ya kusini, mizabibu pande zote. Gia ya pili. Ya tatu. Nives alikuwa akilia na hakujua. Ya nne. Ermes aliziba bega kwa kiganja, kichwa ameinamisha, akisikiliza.

Injini ikaishiwa pumzi. Ikakohoa. Gari likaserereka hadi ukingoni, likasimama.

"Nini?" Nives akapiga usukani. "Nini tena, fundi?"

"Petroli." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Oreste aliniambia lita tatu zinatosha kufika kwenye lori. Nikaweka tatu. Sikuwaza, binti yangu. Mimi mwenyewe nilizimimina."

Nives akafunga macho. Ving'ora vya polisi wa karabinieri vilikuwa vinakuja kutoka mjini, magari mawili, labda matatu. Akavua skafu, akamfunga mzee bega.

"Umesikia gia ya nne ilivyovuta?"

"Nimesikia."

"Ya tano sikuifikia," Nives akasema, akashuka, akanyoosha mikono juu.