Vidonge vya Bibi Eliona

Mwaka ule mvua za El Niño ziliponyesha Marangu kama vile mbingu imetoboka, kazi za Kindness hazikupungua hata moja. Aliamka alfajiri, akakata majani ya ng'ombe, akasomba samadi hadi kwenye migomba, kisha akanawa tope na kuvaa sare za shule. Kabla ya kutoka alikuwa na kazi moja zaidi, nayo aliipenda kuliko zote. Alimpelekea bibi yake chai.

Bibi Eliona, mama mzazi wa baba yake, alikuwa mwanamke wa kazi, si mchezo! Zaidi ya miaka hamsini alilima kahawa na migomba pekupeku, tope likimfika vifundoni. Ukimwambia avae viatu, alikucheka. "Viatu ni vya kanisani," alisema. "Nikivaa viatu shambani, majirani watasema nimeanza kuringa." Lakini miguu hiyohiyo ilikuwa imeanza kumgomea. Magoti yalivimba, na asubuhi nyingine alishindwa hata kufika jikoni.

Ndipo Eliufoo, mwanawe wa mwisho, alipoleta dawa. Eliufoo alifanya biashara ya kuvuka mpaka pale Holili. Aliuza sabuni, betri, mitumba, chochote kilichopata mnunuzi. Vidonge vilikuwa ndani ya vifuko vya nailoni, vyeupe, bila jina wala maelezo.

"Mama, hivi wanaviita vidonge vya miguu," alisema. "Watu wanavigombania kule. Meza viwili asubuhi na kimoja jioni, halafu uniambie."

Na kweli, haikupita wiki Bibi Eliona akawa anatembea. Wiki ya pili alikwenda kanisani bila mkongojo. Miezi miwili ilipopita uso wake ukawa wa mviringo, mashavu yakajaa, na wanawake wenzake wakamshika mikono baada ya ibada. "Mama Jesse, umenawiri! Wanao wanakutunza!" Kwetu sisi mzee akinenepa hatuulizi sababu, tunamshukuru Mungu. Hakuna aliyejua kwamba mashavu yale yalikuwa dalili mbaya. Wala mimi ninayesimulia nisingejua.

Sasa, dawa zile zilikuwa siri. Jesse, baba yake Kindness, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa msimamo. Alikuwa amegombana vibaya na mdogo wake kwa sababu ya magendo, akaapa kwamba kitu cha Eliufoo kisikanyage tena kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Bibi Eliona aliumia sana kuona wanawe hawasalimiani. Hakutaka moto uwake upya, hivyo Eliufoo alivileta Jesse akiwa hayupo. Na kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri, Kindness ndiye aliyetoa vidonge kwenye kifuko na kumwekea kiganjani, kila asubuhi na kila jioni.

"Mjukuu wangu, jambo hili liishie hapahapa," alimwambia. "Baba yako akijua, atamfukuza Eliufoo mbele za watu, nami nitakufa kwa aibu. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Mwingine aliyejua alikuwa jirani yao, Bibi Monica. Alilalamikia mgongo, Bibi Eliona akamhurumia na kumgawia vifuko viwili. Wazee hawa waligawana kila kitu, tangu ndizi hadi ugoro, na sasa wakagawana hata dawa.

Mwezi wa Januari Bibi Eliona akaanza kuumwa tumbo. Kisha akaharisha, kisha akakohoa, na homa ikapanda hata akawa anaweweseka. Jesse alikodi gari wakamkimbiza hospitali kubwa mjini Moshi. Kindness alikwenda nao, akiwa amempakata bibi yake kichwa mapajani.

Daktari aliyewapokea aliitwa Violet, mwanamke mfupi, mpole, asiyependa kuharakishwa. Alimpima bibi, akamsikiliza kifua, kisha akauliza, "Kuna dawa yoyote aliyokuwa akitumia nyumbani? Hata ya kienyeji, hata ya dukani?"

"Hakuna, daktari," Jesse alijibu. "Mama yangu alikuwa mzima kabisa. Alikuwa hata amenenepa."

Daktari Violet akamgeukia Kindness. "Na wewe binti, hukumwona bibi akimeza chochote?"

 Kindness alimtazama baba yake, akamtazama bibi yake aliyefumba macho. Ahadi ni ahadi, alijiambia.

"Hapana," alisema.

Neno moja tu, jamani. Na siku tatu zikapita juu yake.

Mama yake Kindness alibaki wodini kumuuguza mkwewe, Kindness akarudi nyumbani. Jesse alikwenda na kurudi, na kila aliporudi alikuwa amezeeka kidogo. "Wamepima malaria, hakuna," alieleza siku ya tatu, akiwa bado hajavua koti. "Wamepima kifua kikuu, hakuna. Wanamchoma sindano za nimonia, lakini anazidi kwenda chini. Daktari anasema kuna kitu kimejificha, na hajui akitafute wapi."

Kindness alishindwa kumeza chakula. Mtu mzima mwenye elimu yake yuko Moshi anatafuta, na kile anachokitafuta huenda kiko hapa, chini ya godoro la bibi! Alilia kimya, akaogopa kusema, kisha akaogopa zaidi kunyamaza.

Asubuhi iliyofuata Jesse alikuwa akifunga chupa ya uji ili arudi hospitalini. Kindness alichomoa kifuko chini ya godoro, akatoka mbio hadi mpakani mwa kihamba, kwenye ua wa masale. Mgeni akiyaona masale huona majani marefu ya kijani tu. Mchaga anajua kwamba mwenye kosa akija na jani lake lililofungwa fundo, huwezi kumkataa, hata kama amekuunguzia nyumba. Kwa kawaida ni watu wazima wanaopelekeana. Kindness hakuwa amesikia mtoto amempelekea baba yake, lakini alichuma jani moja, akalifunga fundo, akarudi na kupiga magoti kwenye tope la uani.

Jesse aliliona jani akaganda. "Kindness! Nini hiki?"

"Baba, nilimdanganya daktari." Akatoa kile kifuko cha nailoni. "Bibi alikuwa anameza hivi. Baba mdogo alimletea. Mimi ndiye niliyekuwa nampa, tangu Oktoba. Bibi Monica anavyo pia."

Mishipa ya shingo ya Jesse ilimsimama. Aliinua mkono, na Kindness akafumba macho. Lakini mkono ule ulishuka taratibu, ukalipokea jani.

"Inuka," alisema kwa sauti nzito. "Kamwite Bibi Monica. Twendeni wote."

Bibi Monica alishangaa sana. "Yeleuwi! Mimi nakwenda hospitali kufanya nini, na mgongo umeshapona?" Lakini alipoambiwa hali ya mwenzake, alichukua khanga yake, wakaondoka.

Daktari Violet alivimimina vidonge kiganjani, akavigeuza, akauliza vimemezwa kwa muda gani. Kisha akakimbilia maabara mwenyewe. Aliporudi, alikuwa amepata alichokitafuta, lakini uso wake haukufurahi.

"Tumeangalia makohozi yake upya, safari hii tukitafuta minyoo," alisema. "Imo. Midogo sana, myembamba kuliko uzi, na inatembea."

"Minyoo kifuani?" Jesse aliuliza. "Minyoo si ya tumboni?"

"Hii huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu, mtu anapokanyaga udongo wenye kinyesi cha binadamu. Inaweza kukaa tumboni miaka mingi, na mwili ukaidhibiti, wala mtu asijue kama anayo. Hivi vidonge, kwa ninavyoona, ni steroidi. Ni dawa nzuri daktari akikupa na kukufuatilia. Hupunguza uvimbe na maumivu, lakini pia huyajaza mashavu na kuulaza usingizi ulinzi wa mwili. Ulinzi ukilala, minyoo huzaliana bila kipimo, ikaenda hadi kwenye mapafu, na kubeba vijidudu vya tumboni hadi kwenye damu. Ni ugonjwa wa nadra. Nisingeufikiria, maana niliambiwa hakuna dawa aliyotumia."

Hakumtazama Kindness aliposema hivyo. Hakukuwa na haja.

Bibi Eliona alianzishiwa dawa ya minyoo hiyo siku ileile, pamoja na sindano nyingine za vijidudu vya kwenye damu. Bibi Monica naye alipimwa choo, na minyoo ikaonekana, ingawa ilikuwa bado tumboni. Alilazwa. "Vidonge vyako usiviache ghafla," daktari alimwonya. "Mwili umeshavizoea. Tutavipunguza kidogo kidogo, mimi na wewe."

Eliufoo alifika kesho yake mchana, amesikia habari huko Holili. Jesse alimwona akija kwenye kibaraza cha wodi, amelowa, analia kama mtoto. Kila mtu aliyesimama pale alitegemea kelele. Jesse alisogea tu kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Jioni hiyo homa ilishuka kidogo, na Bibi Eliona akafumbua macho. Kindness alimwinamia.

"Bibi, nisamehe. Nimemwambia baba."

Bibi alipumua kwa shida. "Na Eliufoo?"

"Yuko nje. Amekaa na baba."

"Benchi moja?"

"Benchi moja, bibi."

Bibi Eliona aliufinya mkono wa mjukuu wake, akafumba macho. Dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi, lakini mwili ulikuwa umechoka mno. Siku ya nne tangu aanzishiwe dawa alifariki. Walimzika kihambani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na mvua haikuacha kunyesha hata wakati wa sala.

Kindness hakulia msibani. Alihudumia wageni, akaosha vyombo, akakaa kimya hata mama yake akaanza kumwogopea.

Baada ya wiki tatu Bibi Monica aliruhusiwa kutoka hospitali, na Kindness akafuatana na baba yake kwenda kumchukua. Daktari Violet aliwasindikiza hadi uwanjani. Kindness akamshika koti lake jeupe.

"Daktari, kama ningesema siku ile ya kwanza, bibi angepona?"

Jesse alitaka kumkatiza, lakini daktari alichuchumaa akamtazama machoni.

"Sijui," alisema. "Pengine angepona. Pengine tayari tulikuwa tumechelewa. Sitakudanganya ili kukufurahisha, maana umeshaona uongo unavyofanya. Ninachokijua ni hiki. Bibi Monica anatembea kwa sababu ulisema. Mgonjwa akishindwa kusema, anayemuuguza ndiye mdomo wake. Mwambie daktari kila kilichomezwa, hata kama ni siri, hata kama kina aibu."

Jesse alivua kofia. "Na mimi nina langu," alisema. "Mama yangu aliugua miguu ndani ya nyumba yangu, akaona afadhali afiche dawa kuliko kuniambia mimi. Mtoto akalazimika kubeba siri ya watu wazima. Kindness, hilo kosa si lako. Kuanzia leo kwangu mtu aseme, hata kama litaniudhi. Nikikasirika nitatulia, lakini aseme."

 Bibi Monica alimvuta Kindness, akamfunika na khanga yake kama anavyofunikwa mtoto mchanga. Hapo ndipo machozi yalipokuja. Kindness alilia pale uwanjani, akalia ndani ya basi, akalia hadi wakapita Himo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.