Vali Iliyolifaa Trekta la Stamena

Uliliona trekta lile. Usigeuze ukurasa kwanza. Ulipita barabarani mwezi wa nne, ukaliona likiyumba katikati ya shamba kama mlevi anayetafuta mlango wake, ukasema, "Si Stamena huyo? Maskini!" Kisha ukaongeza mwendo. Neno "maskini" halimtoi mtu jasho, ndiyo maana mnalipenda.

Basi keti. Nitakuambia ulipita nini.

Stamena Ruskova anakaa mwisho wa kijiji chetu, huku kwenye nyanda za Dobruja. Mtaa wake una nyumba nyingi, lakini moshi hutoka kwenye mbili tu: yake, na ya bibi mwenzake, Mwalimu Velika, ng'ambo ya barabara. Kwenye mageti mengine zimebaki karatasi za matanga, na mvua imefuta nyuso za marehemu. Mumewe Gancho naye yuko kwenye karatasi. Mwanawe Kalin yuko Uhispania, anaendesha lori la mboga.

Asubuhi Stamena huwasha redio ili nyumba iwe na sauti. Hula mkate na jibini akiwa amesimama, maana kuketi mezani peke yake hajakuzoea. Kisha huenda uani kwa trekta.

"Haya, babu, amka," huliambia. "Leo tuna kazi."

Trekta ndilo analozungumza nalo zaidi. Sisemi kwa kuchekesha.

Majira ya baridi yaliyopita bega lake la kulia liliharibika. Akishika usukani asubuhi, mchana hawezi kuinua kijiko. Na alizeti haitaki mzaha. Lazima ipandwe kwa mistari iliyonyooka, kwa sababu baadaye mashine ya kupalilia hupita katikati ya mistari hiyo. Mstari ukipinda, visu hukata magugu na alizeti pamoja.

Plamen Dachev alijua habari za bega. Huyu ndiye aliyekodi karibu mashamba yote ya kijiji. Alisimamisha gari lake penye uzio wa Stamena, akashusha kioo.

"Mama Stamena, mkono huo umekwisha. Nikodishie ardhi, ukapumzike."

"Nitapumzika nikifa."

"Haya, mimi sina haraka," Dachev akacheka, akaondoka.

Jioni ile Stamena alimpigia Kalin simu. "Mwanangu, nimeamua. Mwaka huu mistari ikinyooka, naendelea kulima. Ikipinda, namtilia Dachev sahihi."

"Mama, njoo ukae na sisi huku."

"Nije nikae ghorofa ya tano nimtazame nani? Sufuria?"

Kalin hakubisha. Alituma sanduku la vifaa vya kulifanya trekta lijiendeshe lenyewe: skrini, antena ya kupokea mawimbi ya setilaiti, na vihisi viwili, kimoja cha kupima gurudumu limegeuka kiasi gani, kingine cha kupima shinikizo la mafuta ya usukani. Alimwonya kwenye simu, "Vali ya kupitisha mafuta yanayogeuza magurudumu haimo, Mama. Vali hutegemea trekta. Muulize anayejua."

"Vali?" Stamena akasema. "Ghala limejaa vali!"

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Si lake peke yake, ni la kijiji kizima. Ushirika wa kilimo wa kijiji ulipovunjwa, mashine zilikatwakatwa na kugawanywa kama nyama ya nguruwe wa Krismasi. Huyu alichukua gurudumu, yule injini, mwingine mlango wa trekta asilokuwa nalo. Shule ya ufundi wa mashine ilipofungwa, watu waliingia karakana yake usiku na mikokoteni. Nawakumbuka kwa majina. Tangu siku zile hatununui kitu kama kuna chuma chochote ghalani kinachofanana nacho. "Chuma cha ushirika hakimsaliti mtu," tunasema. Tunasema huku mashine zetu zikifa.

Stamena si mjinga. Miaka mingi alishika spana kando ya mumewe. Alichukua vali ya umeme iliyotoka kwenye kombaini ya zamani, vali nzito iliyokuwa ikiinua mdomo wa kuvunia. Akaifunga kwenye mipira ya mafuta, akaunganisha nyaya, akaenda shambani na mashine ya kupandia.

Alibonyeza kitufe. Trekta likaruka kushoto. Skrini ikaliita kulia, likaruka kulia kupita mstari. Kisha kushoto tena. Nyuma yake mbegu zilimwagika kama njia ya nyoka.

"Babu, una nini leo?" Stamena alisema. "Babu, tulia!"

Alijaribu tena kesho yake. Mambo yakawa yale yale. Alizima injini, akakaa ndani ya kibanda cha trekta akitazama alichopanda. Shamba lilikuwa tupu hadi mwisho wa macho. Magari yalipita barabarani. Moja lilikuwa lako.

Mwalimu Velika hakupita, kwa sababu hana gari. Lakini kutoka bustanini kwake alisikia pampu ya trekta lile ikilia. Alifundisha haidroli, yaani kuendesha mashine kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa, katika shule ile ya ufundi mpaka siku ilipofungwa, na pampu inayolia kwake ni kama mtoto anayelia kwako. Hata hivyo alikuwa hajamsemesha Stamena miaka mingi. Gancho alikuwa mmoja wa watu wa mikokoteni.

Stamena alipowasha injini tena, Mwalimu alivumilia, akashindwa. Akavaa mabuti, akafuata shamba.

"Wewe mwanamke!" alipaza sauti. "Pampu yako inalia!"

Stamena alitoa kichwa nje. "Imekukera, Mwalimu? Ziba masikio."

"Nikiyaziba nitaendelea kuisikia mwilini. Zima. Umefunga vali gani?"

"Ya kombaini. Nzima kabisa."

"Ni nzima, lakini iko kwenye kazi isiyo yake. Ukimpa mhunzi kazi ya kushona, si atakutoboa kwa nyundo?"

Stamena alitaka kujibu vibaya. Badala yake akasema polepole, "Nimepanda nyoka, Velika. Tazama. Wiki hii nisipopanda vizuri, ardhi hii ni ya Dachev."

Mwalimu alitazama mistari. Hakucheka. Alikanda donge la udongo mkononi, akalitupa.

"Twende kwako," akasema. "Nionyeshe ghala."

Ghalani Mwalimu alisimama ghafla. Ukutani, kwenye msumari, palikuwa na kipimo cha shinikizo la mafuta chenye uso wa shaba. Alikishusha, akakifuta kwa gauni lake.

"Hiki ni cha karakana yangu."

"Najua," Stamena akasema. "Gancho alikileta."

"Wanafunzi walijifunza kwa hiki. Kimekaa hapa kinapima nini? Buibui?"

"Kichukue."

"Nitakichukua, lakini leo tunakitumia." Mwalimu alivuta kigoda, akaketi. "Sasa nisikilize. Mlango una namna ngapi?"

"Ukiwa wazi, au ukiwa umefungwa."

"Ndivyo ilivyo vali yako. Umeme ukija, inafunguka yote. Umeme ukikatika, inafunga yote. Kuinua mdomo wa kombaini, sawa. Lakini usukani hautaki mlango, unataka bomba la jikoni. Ukitaka tone, unapata tone. Ukitaka mkondo, unapata mkondo. Kuna vali ya namna hiyo. Umeme ukiwa kidogo inafunguka kidogo, ukiongezeka inafunguka zaidi. Inaitwa vali ya kiasi."

"Basi niagize hiyo. Iliyo kubwa kuliko zote, isije ikashindwa."

"Gancho ulimchagua kwa ukubwa?"

"Ndiyo, na aligonga kichwa kila mlango wa nyumba hii."

Wote wawili walicheka. Kicheko kilisikika kigeni ghalani mle.

"Kubwa mno itakuyumbisha vile vile," Mwalimu akaendelea. "Itamwaga mafuta mengi hata ukitaka kidogo. Ndogo mno nayo itachelewa kugeuza, nawe utaikosa kona. Hatukisii, tunapima. Usukani wako unazunguka mara ngapi, kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia?"

Stamena alitoka uani, akapanda trekta walilorudi nalo, akazungusha usukani. "Nne."

Mwalimu aliingiza kichwa chini ya usukani na tochi. Alifuta matope kwenye kibao cha pampu ndogo ya usukani, akasoma.

"Kila mzunguko unasukuma robo ya nusu lita. Mara nne?"

"Nusu lita."

"Naam. Nusu lita inageuza magurudumu yako kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tunataka yageuke kwa muda gani, bila kuruka wala kusinzia? Tuseme sekunde sita. Dakika moja ina sekunde sita mara kumi. Nusu lita mara kumi?"

"Lita tano."

"Kwa hiyo vali yako ipitishe lita tano kwa dakika, na nafasi kidogo juu yake. Nane inatosha. Ile ya kombaini inapitisha sitini. Ulikuwa unamnywesha kifaranga kwa ndoo!"

Stamena alikuna kichwa chini ya kitambaa. "Na pampu ilikuwa inalia nini?"

"Swali zuri, ningekupa maksi. Pampu ya trekta hili la zamani haipumziki. Injini ikiwaka, inasukuma mafuta wakati wote. Lazima vali ikiwa imetulia iyaachie njia ya kurudi tangini. Yako ilikuwa inayazuia. Mafuta yakachemka, pampu ikalia. Matrekta mapya pampu zake hungoja kuitwa, na vali zake ni za namna nyingine. Kwa hiyo anayekuuzia mwambie kwanza: pampu yangu haipumziki. Asipoelewa, nunua kwingine."

Waliagiza vali ile kutoka mjini, pamoja na chujio jipya. Mwalimu alikuwa na masharti. Vali ya kiasi ina njia nyembamba kuliko uzi, na punje moja ya uchafu huikwamisha. Walimwaga mafuta ya zamani yaliyoungua, wakasafisha tangi, wakaweka mafuta mapya. Kila mpira ulifungwa mdomo kwa kitambaa safi mpaka ulipounganishwa.

Pampu ilipowaka, Stamena alipeleka mkono kutafuta kama kuna mpira unaovuja.

"Toa mkono!" Mwalimu alifoka. "Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano. Utakatwa kidole kwa tundu usiloliona. Tumia kadibodi."

Wakapitisha kadibodi kando ya mipira. Ilibaki kavu. Kipimo cha shaba nacho kilitulia mahali pake.

"Bado jambo moja," akasema Mwalimu. "Kihisi cha shinikizo kwenye njia ya usukani kimeunganishwa?"

"Kimeunganishwa. Kazi yake nini?"

"Kazi yake ni wewe. Mtoto akikatiza mbele, utaushika usukani kwa nguvu. Kihisi kikisikia hivyo, mashine lazima iachie papo hapo. Jaribu hapa uani, polepole, kabla ya kwenda kokote. Isipoachia, hutoki getini. Na ukifika barabarani, unazima yote na kuendesha kwa mikono. Wala hunyanyuki kitini trekta likitembea, hata likienda lenyewe."

Stamena alijaribu. Alishika usukani kwa mkono mmoja ule mzima. Skrini ililia, mashine ikaachia. Akajaribu tena na tena, mpaka Mwalimu akaridhika.

Asubuhi iliyofuata walikwenda shambani. Stamena aliifuta mistari ya nyoka kwa kuilima upya, akasimama mwanzoni mwa shamba. Alibonyeza kitufe, akaondoa mkono.

Trekta lilienda. Halikuruka. Usukani ulicheza kidogo tu, huku na huku, kama mtu anayetembea anavyochezesha mabega. Stamena aliweka mkono wake mbovu pajani. Alitazama nyuma. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Linaenda, Velika!" alipiga kelele, ingawa Mwalimu alikuwa mbali, hamsikii. Hakukuwa na mwingine wa kumwambia.

Zamani siku kama hiyo kijiji kizima kingetoka Jumapili kuikagua mistari, kusifu na kutukana. Mwaka huu barabara ilikuwa tupu. Stamena alimtumia Kalin picha. Kalin akajibu, "Safi, Mama. Niko barabarani." Hiyo ndiyo sherehe iliyokuwepo, pamoja na supu ya maharage kwa Mwalimu Velika, wanawake wawili kwenye meza ndefu.

Alizeti ikaota. Mashine ya kupalilia ikapita katikati ya mistari, visu vikakata magugu peke yake. Dachev alirudi, akashusha kioo, akatazama shamba kwa muda.

"Nani alikufungia vifaa vya kujiendesha?" akauliza.

"Mimi na Mwalimu."

"Mwalimu gani? Yule wa shule iliyofungwa? Nilidhani alishakufa."

"Watu wengi mnadhani hivyo," Stamena akasema, akamgeuzia mgongo. Hakutia sahihi. Mwaka huu shamba lile ni lake, na bega lake limepata nafuu.

Sasa nakugeukia wewe. Mwalimu Velika ana zaidi ya miaka sabini. Tangu siku ile, hakuna mwingine aliyebisha hodi kwake, ingawa nawasikia mkitukana matrekta yenu kila asubuhi. Wewe una sanduku lililotumwa na mwanao kutoka ughaibuni, limekaa chini ya kitanda. Au umeshafunga chuma cha ghalani, na unajidanganya kwamba kitajizoesha chenyewe.

Hakitajizoesha. Zima trekta. Zungusha usukani uhesabu, soma kibao, jua pampu yako inapumzika au haipumziki. Kisha nenda kwa anayejua, akiwa bado ana pumzi ya kukueleza, na njiani mpitie jirani anayelima peke yake umchukue. Usiniambie utakwenda Jumatatu. Weka kitabu hiki chini, vaa viatu, nenda.