Mtaa Mzima Ulisikia

"Mama, usigeuze kichwa, nitakuumiza."

Msusi alisema hivyo, lakini mikono yake mwenyewe ilikuwa imeganda kwenye nywele za mteja. Nje gari la matangazo lilikuwa linapita polepole, vipaza sauti viwili juu ya paa, na sauti ile yeye aliijua kuliko mtu yeyote pale mtaani.

"Godoro jipya, usingizi mpya. Njooni dukani leo. Na wewe mke wangu, msusi wa mlango wa bluu, nimekosa. Mbele ya mtaa wote nasema nimekosa. Rudi nyumbani. Magodoro ya saizi zote yapo."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Madirisha ya jirani yakafunguka, vijana wakatoa simu wakarekodi.

"Mwenzetu unapendwa," mteja akasema. "Wangu jina langu analikumbuka akitaka chai tu."

Msusi alichukua rasta nyingine, akaendelea kusuka.

Mumewe watu walimwita Spika, na jina lilimkaa. Yeye akipita, vichwa vikachungulia madirishani, huhesabu kazi imekwisha. Jioni ile alimpigia shangazi wa mkewe, maana kwake ndiko mkewe alikohamia baada ya kufiwa na mtoto.

"Shikamoo shangazi. Amesikia?"

"Marahaba. Baba, hata viziwi wamesikia."

"Amesemaje?"

"Amesema nimpishe apange nguo zake. Kesho asubuhi anaondoka, anahamia kwa dada yake. Amepata kazi saluni ya huko."

"Kesho? Lakini shangazi, mtaa mzima unaongea habari zetu."

"Hukuuoa mtaa, baba."

Hajashusha simu vizuri, mwenye duka la magodoro akapiga.

"Spika, leo umenifanyia nini?"

"Bosi, umeona watu walivyotoka? Video inazunguka kila mahali."

"Nimeiona. Hata mama mkwe wangu kanitumia. Watu wamecheka barabara nzima, na mimi sijauza hata mto."

"Lakini tangazo wameliona, bosi."

"Wameliona. Na magodoro yananiona mimi."

Spika alicheka, akakata simu. Akaandika ujumbe: "Mke wangu, najua umenisikia. Nakuja."

Jibu likarudi: "Njoo bila gari."

Akaenda kwa miguu. Alimkuta uani anaanua nguo, begi liko wazi mlangoni.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Nimejidhalilisha mbele za watu kwa ajili yako. Nani mwingine hapa angethubutu?"

Msusi alikunja gauni, akaliweka begini.

"Siku ile nilipokuwa nakupigia kutoka hospitali. Uliniambia simu ilizima kwa kuisha chaji."

Spika akatazama chini.

"Ilizima?"

"Haikuzima."

"Simu zangu uliziona?"

"Niliziona."

"Zote?"

"Zote. Ilikuwa mbele yangu hapo kwenye gari, inawaka. Nikasema nimalize mtaa huu. Nikaumaliza, nikasema na ule wa pili. Nilidhani ni uchovu wa mimba tu, mke wangu. Nilijua unaniita, lakini sikujua kama ni hivyo."

Shangazi alikuwa amekaa jikoni, mlango wazi. Sufuria ikaungua, hakuna aliyeinuka.

"Unajua," msusi akasema taratibu, "muda wote huu nilikuwa nakutetea. Shangazi akisema ulizipuuza, namwambia hapana, mume wangu hakuziona. Angeziona angekuja mbio. Hata hapa leo, nilivyokuwa nakusikia barabarani, moyo ulianza kunigeuka. Nikasema labda nimwulize kwanza."

"Nisamehe."

"Nimekusikia tangu asubuhi. Kila neno. Na wewe siku ile uliona nakuita vilevile, ukaendelea na kazi."

"Nifanye nini basi? Niambie, nitafanya."

"Kwangu mimi, basi tena. Lakini mtoto wetu kuanzia kesho hana mtu. Mimi ndiye nilikuwa naenda kupalilia."

"Hata kuzika sikuwepo, kaburi lake silijui ni lipi," Spika akasema. Hapo ndipo alipolia, mtu mzima, amejishika ukuta.

Msusi hakumshika. Alisubiri mpaka amalize.

"Ni la mwisho, karibu na ukuta. Dogo. Majani yakizidi linapotea."

Asubuhi akapanda basi. Mji ulipokuwa umeshaachwa nyuma, shangazi akampigia.

"Mmefika wapi, mwanangu?"

"Bado tuko njiani."

"Nimepita makaburini. Mumeo yuko pale."

"Sijakuuliza, shangazi."

"Najua hujaniuliza."

Abiria wa kiti cha mbele alikuwa anaitazama ile video na jirani yake, wanacheka, hawajui nyuma yao amekaa nani.

"Anapalilia?" msusi akauliza.

"Ameshamaliza. Amekaa chini tu. Mimi nimempita karibu kabisa, hakuinua uso."

"Amevaa kofia? Pale hakuna kivuli."

"Hana."

Msusi alivuta mtandio, akafunika uso.

"Mpelekee maji, shangazi. Usimwambie nimekutuma mimi."

Shangazi alipeleka maji, na hakumwambia. Msusi hakurudi.